Tindo Haimo kwenye Noti

Likizo ya Desemba niliweka kompyuta yangu juu ya gunia la mkaa nikamwonyesha Mjomba filamu. Mjomba ni mhunzi wa Nyarugusu, mkoani Geita. Ukiliandika jina hilo mtandaoni utaletewa kwanza kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Siyo huko. Nyarugusu yetu ni ya maduara, makarasha na vumbi jekundu, na tumeshazoea kutafutwa tukakosekana.

Filamu yenyewe inaitwa The Tree of Iron. Ilitoka mwaka 1988, kazi ya Peter O'Neill na Frank Muhly wakishirikiana na mwanaakiolojia Peter Schmidt, na inahusu Wahaya wa Kagera waliokuwa wakiyeyusha chuma kabla majembe ya dukani hayajazima tanuru zao. Wazee wanaikumbuka upya kazi hiyo mbele ya kamera: udongo wa kichuguu wa kujengea tanuru, matete ya bwawani yanayochomwa na kujazwa shimoni, mawe ya chuma, mkaa, mivukuto. Nilikuwa nimeitazama mara nne chuoni, daftari mkononi. Nasoma shahada ya umahiri katika fasihi, na tasnifu yangu inahakiki jinsi chuma na dhahabu vinavyosimuliwa katika maandishi na picha kuhusu Kanda ya Ziwa. Nilidhani Mjomba atafurahi kuwaona watu wa kazi yake wakiheshimiwa namna ile.

Alitazama kwa adabu, mikono magotini, kama mtu aliyekaribishwa sebuleni kwa wageni. Kihaya hakijui, Kiingereza ndiyo kabisa, kwa hiyo alikuwa anafuata mikono ya wazee tu. Mara mbili alitikisa kichwa kukubali, zote mbili wakati wa kuvukuta. Ilipoisha aliniuliza swali moja.

"Na kikishakuwa butu, mama?"

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la bibi, mama yake mzazi. Sikuwa na jibu. Nilifunga kompyuta, nikasema umeme wa betri umekwisha, jambo ambalo lilikuwa karibu kweli.

Nataka niitendee filamu haki kwanza. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1978, Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha katika jarida la Science makala iliyodai kwamba ufundi wa kuyeyusha chuma magharibi mwa Ziwa Viktoria ulikuwa wa kale na wa hali ya juu, na kwamba tanuru hizi ziliweza kutoa chuma cha pua. Wataalamu wengine walibisha baadhi ya hoja, hasa ile ya hewa kupata moto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kuufikia mkaa. Lakini kwa zama zile, ambapo bado kulikuwa na vitabu vilivyoandika kama vile kila ufundi tuliletewa na mgeni, dai hilo lilikuwa na uzito. Filamu imebeba uzito huo. Kuna mti mtakatifu pale Katuruka, kuna simulizi ya Mfalme Rugomora Mahe aliyeagiza mnara wa chuma ujengwe mpaka mbinguni, kuna wazee wenye mamlaka katika sauti zao. Mwanafunzi yeyote wa Kitanzania akiitazama anainua mabega kidogo. Mimi niliyainua.

Tatizo langu ni chuma chenyewe kinakoishia. Katika filamu hiyo, na karibu kila nilichosoma baada yake, chuma ni kitu cha mwanzo. Kinatoka tanuruni, kinashangiliwa, na hapo ndipo fahari ilipo. Na kwa kuwa tanuru zilishazimika, mwanzo huo ni wa zamani. Msomaji anaondoka akiamini kwamba huku kwetu chuma ni urithi. Anayetengeneza vitu vya chuma leo, kwenye kibanda cha bati nyuma ya soko, hamo. Yeye hayeyushi. Anafua tu.

(Neno lenyewe ni zuri na halijapewa nafasi yake. Tunafua chuma, tunafua nguo, tunafua umeme, tunafua nazi, na asiyeweza kushindana na mwenzake tunasema hafui dafu. Kote humo kuna kazi ya nguvu inayorudiwa. Hakuna aliyewahi kufua mara moja akamaliza.)

Kabla sijaja huku nilikuwa nimesoma pia makala ya Schmidt kuhusu Barongo, katika kitabu alichokihariri yeye mwenyewe mwaka 1996. Barongo walikuwa wayeyushaji wa chuma wa eneo hili letu, kuanzia Geita kwenda Biharamulo, na jambo ambalo makala inaliweka wazi ni kwamba halikuwa kabila kama tulivyozoea kuhesabu makabila. Kilikuwa chama cha kazi. Watu wa koo na asili tofauti waliingia humo kwa kufundishwa na kufuata miiko. Nilipolisoma hilo nililiona duara moja kwa moja: Msukuma, Mzinza, Mha, Msumbwa na kijana mmoja kutoka Mara wanaingia shimo moja, wanagawana viroba vya mawe kwa utaratibu wao, na ukiwauliza wao ni akina nani watakutajia namba ya duara.

Lakini mkazo wa makala uko kwenye uzazi. Tanuru ni mwili wa mwanamke, chuma ni mtoto, miiko ya kazi ni miiko ya ujauzito. Ushahidi upo, na si wa huku tu. Sehemu nyingi za Afrika wayeyushaji waliisema kazi yao kwa lugha hiyo. Ninachokihoji ni kwa nini sisi wasomaji tunaipenda sana sitiari hiyo. Kuzaliwa kunasimulika vizuri. Kuna hatari, kuna siri, kuna kilele. Kulea hakusimuliki hivyo. Chuma kinazaliwa siku moja, halafu kinanolewa, kinanyooshwa na kurudishiwa makali mara mia, na katika hizo mara mia hakuna hata moja ambayo mtafiti angefunga safari kwenda kuitazama. Nilimweleza Mjomba kuhusu miiko ya wanawake na tanuru, nikamuuliza kama mimi kukaa pale na kuzungusha feni ni kosa. Akasema hayo yalikuwa ya wazee wa kuyeyusha. "Sisi hapa tunarudishia makali tu. Zungusha."

Basi nikazungusha. Mvukuto wa ngozi hana. Ana feni ya bati iliyofungwa kwenye gurudumu la baiskeli, mkanda wake umekatwa kutoka mpira wa tairi. Kibanda chake kina giza, na mgeni hudhani ni umaskini wa madirisha. Giza lile ni kifaa. Chuma kikiwa motoni, rangi yake ndiyo inayosema kimefika wapi, na rangi hiyo haionekani kwenye jua. Wapiga picha wanaokuja Geita hupenda cheche, na ili wapate cheche na uso wa mtu kwa pamoja huomba bati lifunuliwe. Mjomba hufunua, kwa ukarimu, kisha husimamisha kazi mpaka waondoke. Kwa hiyo katika picha zote alizopigwa hafanyi kazi. Anaigiza.

Tindo ni kitu rahisi kukieleza: kipande cha chuma cha pua, kirefu kama kuanzia kiwiko mpaka ncha ya vidole au pungufu, upande mmoja ncha, upande wa pili kichwa cha kupigwa nyundo. Fundi wa mbao ana patasi. Mvunja mwamba ana tindo. Mjomba huzifua kutoka springi na akseli za malori, na anapobahatika, kutoka vyuma vya kuchorongea miamba vinavyouzwa kama chakavu, vile vyenye pembe sita. Vyuma hivyo anavipenda kwa sababu vimeshawahi kuingia kwenye mwamba. Anasema vinakumbuka.

Mpinzani wa tindo ni jiwe jeupe, kwatzi, ambalo mara nyingi ndilo limebeba dhahabu. Kwenye kipimo cha ugumu alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, chenye ngazi kumi, kwatzi iko kwenye 7. Chuma cha pua kilichokazwa vizuri kinacheza humo humo, chini kidogo au juu kidogo. Yaani kila pigo ni ubishi kati ya vitu viwili vinavyokaribia kulingana, na mwisho wa zamu tindo zinapanda juu kwenye ndoo zikiwa zimeshindwa. Ncha imekuwa duara kama kidole gumba. Bei ya kuirudishia ncha moja makali ni bei ya soda, na mara nyingi hukopwa mpaka mawe yasagwe.

Kuifua ncha ni sehemu nyepesi. Inapashwa moto, inapigwa juu ya fuawe (yake ni kipande cha reli), inageuzwa, inapigwa. Utaalamu uko kwenye maji. Chuma kikishafikia wekundu wa pilipili iliyoiva, Mjomba anazamisha ncha peke yake, upana wa vidole viwili, anahesabu kimoyomoyo, anaitoa. Ncha sasa ni ngumu mno. Ukiipiga hivyo itapasuka kama kikombe. Lakini kiwiliwili cha tindo bado kina moto. Anaisugua ncha haraka juu ya kipande cha jiwe la kunolea mpaka ing'ae, halafu anasubiri. Joto linashuka kutoka kiwiliwili kuelekea ncha, na juu ya ule mng'ao rangi zinaanza kutembea: kwanza ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Kati ya rangi ya majani makavu na buluu kuna tofauti ya nyuzi kama 80 hivi za Selsiasi, na muda wa pumzi chache. Ikikatishwa mapema, tindo itavunjika. Ikikatishwa kwa kuchelewa, itakunjika. Mjomba hukatisha kwenye zambarau. Anasema mwenyewe hajui kwa nini zambarau; aliyemfundisha alikatisha hapo.

Na kichwa hakiguswi na maji. Hilo nitalirudia.

Kilichonikaa zaidi ni namna anavyozipokea zinaporudi. Hauzi tindo akaisahau. Mteja anamwaga ndoo, na Mjomba kabla ya kusalimia vizuri anaokota moja moja na kuigeuza. Hii imevunjika, mvunjiko una chembe kubwa zinazometameta: ilipashwa moto kupita kiasi. Kosa langu. Hii imekunjika: nilichelewa kwenye maji. Hii imeliwa upande mmoja: mwenye kuipiga ni wa mkono wa kushoto, au amekaa vibaya shimoni, mwambieni abadilishe mkao. Hapo ndipo nilipoanza kuona aibu kidogo kuhusu miaka yangu ya nadharia. Huyu mtu anahakiki kazi zake kila asubuhi, kwa ushahidi, mbele ya watumiaji, na akikutwa na kosa analirudia motoni bila malipo.

Sasa njoo upande wa dhahabu.

Chukua noti ya shilingi 5,000, ile yenye kifaru. Nyuma yake pana mgodi mkubwa wa dhahabu, na mitambo yake. Hakuna mkono wa mtu. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kabla yake palikuwa na mgodi wa chini ya ardhi uliofungwa mwaka 1966. Katikati ya mwaka 1966 na 2000 dhahabu ya huku haikulala, ilitolewa kwa nyundo na tindo. Miaka hiyo zaidi ya thelathini haina picha kwenye noti yoyote. Chukua Ngao ya Taifa. Juu kabisa pana sehemu ya rangi ya dhahabu, nayo inawakilisha madini. Chini yake, kwenye wekundu wa udongo, jembe na shoka vimepishana, pana na mkuki. Mkulima amepewa zana zake. Madini yamepewa rangi. Hata bendera ya chama tawala, yenye jembe na nyundo, imeileta nyundo bila kusema inapiga nini.

Silalamikii nembo. Nembo haiwezi kubeba kila kitu, na mtu anayedai kila kazi iwe kwenye ngao atatuachia ngao yenye ukubwa wa uwanja wa mpira. Ninachokisema ni kwamba nembo hizo zimetufundisha kuiona dhahabu kama mwanga, kitu kilichopo tu, kinachosubiri kuchukuliwa. Kuna nembo moja iliyofanya vizuri zaidi, na sote tumeiona bila kuisoma: ile alama ya vitu viwili vilivyopishana ambayo ramani hutumia kuonyesha mgodi. Tunadhani ni nyundo mbili. Asili yake ni Ujerumani, na kwa Kijerumani inaitwa Schlägel und Eisen. Schlägel ni nyundo. Eisen, yaani "chuma", ni tindo, tindo yenye mpini ili mkono ukae mbali na pigo. Wachimbaji wa huko walishuka na chuma kadhaa kwa zamu moja kwa sababu ziliisha makali haraka, na juu palikuwa na mhunzi akizisubiri. Georgius Agricola, katika De re metallica ya mwaka 1556, anazieleza tindo hizo moja moja kwa vipimo vyake, nene kiasi gani na ndefu kiasi gani. Nilikisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1912 ya Herbert na Lou Hoover, mume na mke. Mume huyo ndiye aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na sijui nifanye nini na habari hiyo ila kuisema. Alama ile ikigeuzwa juu chini kwenye ramani, maana yake mgodi umekufa.

Kwa hiyo ramani za dunia zina tindo ya Mjomba, na noti yetu haina.

Chuma na dhahabu, katika ardhi yenyewe, havijatengana hivyo. Milima ya Geita ina miamba yenye matabaka ya chuma, na sehemu kubwa ya dhahabu ya mgodi mkubwa imekaa ndani ya miamba hiyo au kando yake. Ni sisi waandishi tuliovitenganisha. Chuma tumekipeleka nyuma, kwenye akiolojia, kwa wazee na miti mitakatifu. Dhahabu tumeipeleka mbele, kwenye uwekezaji, mrabaha na asilimia. Katikati, ambako chuma kinagonga dhahabu sasa hivi, tumewaachia waandishi wa ripoti.

Nazo ripoti nimezisoma nyingi, na nitazitetea kabla ya kuzisema. Ile ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 kuhusu watoto katika migodi midogo ya dhahabu nchini kwetu ilihitajika. Habari za zebaki zilihitajika, na mwaka huo huo ndipo Mkataba wa Minamata ulipopitishwa. Lakini ripoti kama aina ya maandishi ina tabia yake: inamwona mtu wa migodini kwa kile kinachomdhuru. Zana zinakuja kwenye orodha, nyundo, tindo, sururu, beleshi, "zana duni", na sentensi inaendelea. Duni kwa nani? Tindo iliyokatishwa kwenye zambarau si duni. Tindo iliyozimishwa vibaya ni mbaya kuliko duni. Neno hilo moja linafuta tofauti ambayo kwa aliyeko shimoni ni tofauti ya jicho.

Nasema jicho kwa sababu nalijua jicho lenyewe.

Mtoto wa Mjomba, binamu yangu, alimaliza kidato cha nne akaingia duarani akisubiri matokeo. Wiki ya tatu, akiwa ameshika tindo na mwenzake anapiga, kipande chembamba kuliko ukucha kiliruka kutoka kwenye kichwa cha tindo kikamwingia jicho la kushoto. Hospitali walifanya walichoweza. Jicho halikubaki. Matokeo yalitoka akiwa na bandeji, na alikuwa amefaulu.

Nieleze kitaalamu, maana hili ndilo nililoahidi kulirudia. Kichwa cha tindo lazima kibaki laini, ili kikubali pigo. Kikipigwa sana hutanuka pembeni kama uyoga, na kingo za uyoga huo hukatika, kwa hiyo lazima zisagwe mara kwa mara. Hiyo ni hatari ya kawaida. Hatari kubwa zaidi ni kichwa kilichoingia maji. Kichwa kikiwa kigumu hakitanuki. Kinameguka, na kinachomeguka huruka kama risasi. Mjomba alitumiwa ile tindo siku ya pili. Alichukua tupa akaipitisha kichwani. Tupa ikateleza kama juu ya kioo. "Hii ilizimishwa yote," akasema, na siku hiyo hakuwasha moto.

Nani aliifua? Pale kibandani walikuwa watatu, yeye na vijana wawili anaowafundisha. Kuna na wahunzi wengine upande wa mialo. Tindo haina jina. Aliichunguza kama anavyozichunguza zote, mvunjiko, pembe, mkono wa nyundo, na hakuweza kusema kwa uhakika kwamba si yake. Hilo ndilo lililomkaa. Siku hizi kila tindo inayotoka kwake ina vidoto vitatu vilivyogongwa chini ya kichwa, na haitoki kabla hajaipitisha tupa kichwani mwenyewe. Darasani tumejadili sana kifo cha mwandishi, kwamba matini ikishatoka inajitegemea. Niliiandika insha nzuri kuhusu hilo mwaka wa kwanza, nikapata A. Sina hamu ya kuisoma tena.

Binamu yangu ana maoni yake pia, na hayalingani na ya baba yake. Anataka kompresa. Wenye maduara waliopata fedha wanaleta kompresa, mashine za kuchoronga na baruti, na kazi ya mwezi inakwisha kwa siku chache. Ndoo za tindo zinazopanda kwa Mjomba zimepungua. Zinabaki zile za kufuatilia mkanda mwembamba baada ya kulipua, na za maduara yasiyo na mtaji. Nilimsikia binamu akimwambia baba yake, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba kama pangekuwa na mashine shimoni mwao angekuwa na macho mawili. Sijui cha kulijibu hilo. Najua tu kwamba insha inayosifu ufundi wa mkono ikiwa imeandikwa na mtu mwenye macho mawili ina deni, na yangu ilikuwa hivyo.

Kwa maana rasimu ya kwanza ya insha hii ilikuwa nzuri. Niliiandika Januari, kabla sijarudi chuoni, kwa hasira dhidi ya noti na filamu na neno "duni". Ilikuwa na giza la kibanda, feni, rangi zinazotembea juu ya ncha. Jicho halikuwemo. Nilijiambia ni la familia, kwamba si sahihi kulianika. Ukweli ni kwamba liliniharibia mdundo. Nilikuwa nimefanya kile kile nilichokilaumu: nimekifanya chuma kiwe cha kuzaliwa na kushangiliwa, nikaishia hapo.

Jioni ya mwisho nilimsomea Mjomba rasimu hiyo, kwa kuwa aliniomba. Binamu alikuwa ameketi mlangoni akikarabati mkanda wa feni. Nilisoma kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa. Nikafika kwenye maji: "…kisha anaitumbukiza tindo yote majini, na mvuke unapanda kama pazia."

"Umeandikaje hapo?"

Nikarudia.

"Yote?"

Binamu aliacha mkanda. Mjomba akanyoosha mkono ukutani, mahali ambapo ile tindo isiyo na vidoto imetundikwa kwenye msumari, akaishusha akaiweka juu ya kompyuta yangu, kwenye vibonye, taratibu, kama mtu anayeweka karatasi mezani.

"Ncha, mama. Vidole viwili. Atatokea kijana asome hivyo ulivyoandika, naye ana moto na ana ndoo ya maji."

Niliiondoa tindo, nikafuta. Nikaandika ncha, nikaandika vidole viwili, na pazia la mvuke nikaliondoa pia, kwa sababu ncha peke yake haitoi mvuke mwingi hivyo.

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma. Akamtazama mwanawe, naye akainamia mkanda wake.

"Haya. Endelea."